Sauti za Feri

Ilikuwa 2018, nafanya kazi za sauti kwenye kachumba Sinza, magodoro ukutani, feni lazima uzime ndo urekodi. Edita mmoja wa Mwenge akaniletea dokumentari ya wavuvi wa pale Feri, soko la samaki la Dar, nafungua flashi nakuta faili moja tu la sauti, WAV, stereo, maongezi na muziki na mawimbi vyote vimeshachanganywa humo.

Nikampigia. "Kaka, hii siwezi kuimiksi."
"Si unapunguza muziki tu?"

Yaani. Nikamwambia sitaki sauti iliyopikwa, nataka taimulaini yako yenyewe, ule mpangilio wa klipu, kila klipu mahali pake. Kuna mafaili ya kuhamishia taimulaini toka programu moja kwenda nyingine, OMF na AAF. OMF aliyojaribu ikagoma, maana faili la OMF likifika GB 2 ndo mwisho wake, tukahamia AAF. Nikamwelekeza kwenye simu: fungua Premiere, hiyo programu yako ya kueditia, zile sikwensi ulizofungia ndani ya sikwensi nyingine zifumue kwanza, zitatusumbua, halafu export AAF, sampuli 48000 kwa sekunde, biti 24, sauti ziingie humohumo ndani ya faili, na pale kwenye ziada, ile sauti iliyobaki nje ya mkato wa klipu, weka fremu 125. Akauliza za nini zote hizo. Kwa fremu 25 kwa sekunde ni sekunde tano mbele na tano nyuma ya kila klipu, na mimi hapo ndo napofanyia kazi. Nikamwomba na video ya kufuatia, taimukodi ionekane kwenye picha, na ule mlio wa fremu moja sekunde mbili kabla ya picha ya kwanza ili nijue kama tuko sawa.

Akaja usiku na bodaboda. Nikafungua kwenye Pro Tools, programu yangu ya kumiksia, mlio na picha vimekaa pamoja, plagini zake, yaani efekti alizoweka kwenye sauti, hazikuja ila hilo nililitegemea, na wala sikuzihitaji.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja anasema "siku hizi samaki hawaji", ila kwenye ile WAV ya mwanzo unasikia "hawa" basi, imekatwa kama kwa panga. Nikavuta ukingo wa klipu kulia. "-ji" ikatoka, nzima kabisa! Nyuma yake tu honi ya pikipiki, kumbe ndo jamaa alikuwa anaikimbia, na baada ya honi kama sekunde tatu hivi za sauti ya soko peke yake, maji yanapiga mbao za ngalawa, hakuna anayeongea. Nikairuka honi, nikachukua hicho kipande cha soko nikakitandika chini ya mahojiano yote ya mzee, kila penye mkato, usisikike. Edita kakaa kwenye ndoo nyuma yangu anasema rudia, rudia tena.

Dairekta alipokuja kusikiliza pale kwa mzee akapita tu bila kusema kitu. Alichouliza ni kwa nini muziki uko chini.