Kumbukumbu ya mradi: vumbi linalopita kando ya filta

Gari ni Hilux ya dizeli, lita 2.5, yenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), umbo lile watu wanaloliita Vigo. Kazi yake ni kuleta marobota ya nyasi kutoka Isinya hadi kwa wafugaji wa Ruai na Kamulu, na ukishaacha lami, huku na kule ni vumbi tu. Mradi huu hauhusu kuongeza nguvu wala kubadilisha mlio. Ninachotaka ni hewa yote inayoingia kwenye injini ipite ndani ya karatasi ya filta, isipate upenyo wowote wa kando.

Januari

Kiangazi kimekolea. Nilifungua kasha la filta kwa sevisi ya kawaida, nikanyanyua kifuniko, na kabla ya kugusa filta nikamulika tochi ndani ya kifuniko chenyewe. Upande huo ndio hewa hupita ikiwa imekwisha kuchujwa, kwa hiyo unatakiwa uwe safi. Kulikuwa na mchirizi wa vumbi la kijivu. Ulianzia kona ya nyuma, kwenye mfereji ambamo raba ya filta hukaa, ukapanda ukuta wa kifuniko, ukapinda kuelekea mdomo wa hosi ya turbo. Upana wake haufiki ukucha wa kidole cha mwisho. Nilipangusa kwa kitambaa cheupe, nikalisugua vumbi hilo kati ya vidole. Linakwaruza.

Kisha nikaitoa filta. Upande wa chini ilikuwa imejaa vumbi ipasavyo, upande wa juu nyeupe. Yaani karatasi imefanya kazi yake yote, na bado vumbi limefika ndani kwa kuizunguka.

Ni rahisi kuudharau mchirizi mdogo hivyo, lakini hebu tupige hesabu. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mzima kila mizunguko miwili. Hii ya lita 2.5, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta karibu lita 2,500 za hewa kila dakika, kabla hata ya kuhesabu kile turbo inachoongeza. Kwa saa moja hizo ni lita 150,000. Hewa yote hiyo inatoka chini ya boneti ya gari linalofuata lori kwenye barabara ya vumbi. Ufa wa kona moja ukipewa sehemu ndogo tu ya hewa hiyo, unaingiza mchanga wa kutosha kuumiza injini.

Na ni mchanga kweli. Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani ni silika, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye mizani ya Mohs, inayopima ugumu kutoka 1 hadi 10, na chuma cha silinda hakiufikii. Chembe zinazoogopwa zaidi ni zile ndogo, za mikroni 5 hadi 20 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo jicho halizioni zikiwa peke yake. Hizo ndizo zinazoweza kujipenyeza kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, mahali palipo na utando mwembamba wa oili, zikaanza kusaga pande zote mbili. Matokeo yake wenye magari ya dizeli wanayajua: mgandamizo unashuka, oili inaliwa, moshi unatoka, na mtu anaambiwa injini ifunguliwe.

Nilifungua hosi siku hiyohiyo nikamulika mapanga ya turbo. Kingo bado ni kali, hazijaliwa. Nilishika ncha ya shafti na kuivuta mbele na nyuma, haichezi. Nilishukuru Mungu. Mapanga hayo hukutana na vumbi kabla ya pistoni, na yakianza kuonyesha kingo za mviringo ujue vumbi limekuwa likipita kwa muda mrefu.

Februari mwanzoni

Kujua kwamba kuna upenyo ni jambo moja, kuupata ni jingine. Nilianza na karatasi ya risiti. Unakata kipande chembamba, unakiweka kati ya raba na ukingo wa kifuniko, unafunga klipu zote, halafu unakivuta. Pale panapobana, karatasi inagoma au inachanika. Nilizunguka kasha lote hivyo. Upande wa mbele iligoma kila mahali. Kona ya nyuma ilitoka bila kuvutwa kwa nguvu.

Kuthibitisha, nikapaka unga wa chaki ukingoni mwa kifuniko, nikafunga, nikafungua tena. Raba ilikuwa na mstari mweupe mzunguko mzima, ila kwenye kona ile mstari ulififia na kukatika kwa urefu wa kidole gumba. Hapo hapana ubishi.

Filta iliyokuwemo ni ile iliyokuja na gari nilipolinunua, ya bei nafuu. Niliipeleka Kariobangi, Light Industries, kwa fundi mmoja mzee ambaye ameshika injini za dizeli tangu enzi za pampu za kizamani.

"Kijana wangu," akaniambia, "filta ukiishika usikimbilie kutazama karatasi. Bonyeza raba kwanza."

Akabonyeza kwa kidole gumba kwenye kona. Shimo la kidole likabaki.

"Umeona, hairudi. Raba ikikosa kurudi, hata ukaze vipi haitaziba."

Kisha akaiweka juu ya kioo cha dirisha alichonacho kwenye meza. Filta ilikuwa inayumba. Fremu yake imepinda kidogo, na nilipopima unene wa raba kwa vernia, kifaa cha kupimia sehemu za milimita, kona ile ilikuwa pungufu kwa zaidi ya milimita moja kuliko kona nyingine. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, lakini kwa hewa ni mlango.

Kuna jambo alilonieleza ambalo nimelifikiria sana tangu hapo. Filta ya karatasi huchuja vizuri zaidi kadiri inavyotumika, kwa sababu vumbi lililonasa nalo huwa sehemu ya chujio. Lakini kadiri inavyojaa, ndivyo upande wa juu unavyovutwa kwa nguvu zaidi na injini, na mvuto huo hutafuta njia rahisi. Ikiwa kuna kona isiyoziba, kona hiyo inapitisha zaidi siku ambazo karatasi iko katika ubora wake. Ndiyo maana sikubali tena hoja kwamba filta ikiwa bado safi upande wa juu basi kila kitu kiko sawa.

Kutokana na hilo naona pia ubaya wa kupuliza filta kwa kompresa kila wikendi pale kwenye karwashi. Kila ukifungua kasha unaikosesha raba makao yake, unamwaga vumbi kwenye mfereji, na presha kubwa inaweza kutoboa karatasi matundu usiyoyaona. Ikibidi kupuliza, hewa itoke upande safi kwenda upande mchafu, presha iwe ndogo, na mdomo wa kompresa uwe mbali. Mimi naona afadhali kuiacha itulie mpaka wakati wake wa kubadilishwa, kisha ninunue mpya.

Februari mwishoni

Filta mpya ya kampuni imepatikana. Raba yake ni laini, ukibonyeza inarudi papo hapo, na juu ya kioo inalala bila kuyumba. Hata hivyo, kwa mtihani wa risiti kona ya nyuma bado ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo kifuniko nacho kina kesi ya kujibu.

Nilikigeuza juu ya kioo kilekile. Kimepinda kuelekea juu kwenye kona, karibu na klipu iliyolegea. Plastiki iliyokaa miaka karibu na joto la injini, huku klipu moja haivuti, hujikunja pole pole kuelekea pale isipobanwa.

Jirani yangu wa gereji alinishauri nipake gundi ya silikoni mzunguko mzima nimalize. Ninamheshimu, lakini sikukubali. Silikoni ingenifungia kasha, kila sevisi ningekwangua, na vipande vinavyokwanguliwa huangukia upande safi. Isitoshe, nataka kupima oili baadaye nione kama vumbi limeingia, na kipimo chenyewe huangalia elementi ya silikoni, ambayo imo kwenye silika ya vumbi na pia kwenye gundi hiyo. Ingenivurugia majibu. Sponji ya kubandika pia nimeikataa: inakula mafuta, inachakaa, na vipande vyake vinaweza kuvutwa hadi kwenye turbo.

Nikaenda Grogan, kwa wauzaji wa spea kuukuu kutoka Japani.

"Karibu, bosi. Unatafuta nini?"

"Kifuniko cha kasha la filta, Vigo ya 2.5. Lakini nitakipima kwanza."

Alicheka nilipotoa rula ya chuma, ila akaniletea vitatu nichague. Viwili vilikuwa na ndimi, yaani vichomozi vya plastiki vya ukingoni, zilizovunjika. Hizo ndimi za upande mmoja ni muhimu kuliko klipu, maana ndizo zinazoshika nusu ya kifuniko. Ulimi ukivunjika, klipu za upande wa pili zinakuwa zinainua kifuniko badala ya kukibana. Cha tatu kilikuwa kimenyooka na ndimi zake zote nzima. Nilichukua na klipu nne kutoka kwenye kasha lingine.

Kukifunga kuna mpangilio. Kwanza nilipangusa mfereji kwa kitambaa chenye unyevu, si brashi, maana brashi inarusha vumbi hewani. Nikailaza filta nikizungusha kidole juu ya raba kuhakikisha imekaa mfereji mzima. Nikaingiza ndimi kwanza, nikasikia kila moja ikikaa, ndipo nikabonyeza kifuniko kwa kiganja na kufunga klipu za kona kabla ya zile za katikati. Karatasi ya risiti iligoma mzunguko mzima, kona ya nyuma ikiwemo.

Machi

Kabla ya kurudi Isinya nilipaka grisi nyembamba sana ndani ya kifuniko, kwenye kona ile na kwenye mdomo wa hosi. Grisi hukamata kila kinachopita. Baada ya safari za nyasi kwenye vumbi zito nilifungua, nikaipangusa kwa kitambaa cheupe. Ilitoka na rangi yake ya grisi, bila chembe inayokwaruza. Nikasafisha, nikafunga, na sitafungua tena mpaka sevisi.

Hosi ya kutoka kasha hadi turbo bado sijaridhika nayo. Ukiikunja kwa mkono, kwenye mabonde ya mikunjo yake kuna mistari ya ukavu, ingawa hakuna ufa uliotokeza upande wa pili. Upenyo ukitokea hapo ni hatari vilevile kama wa kasha, kwa sababu hewa inayoingilia hapo haipiti kwenye filta kabisa. Naagiza mpya pamoja na klampu zake, maana za zamani zimekula kutu kwenye skrubu.

Sampuli ya oili nitaichukua kwenye sevisi ijayo, injini ikiwa na joto, kutoka katikati ya mtiririko wakati wa kumwaga, kwa kuwa ya mwanzo hubeba uchafu uliotulia chini. Majibu ya silikoni na ya chuma nitayaandika hapa, yawe mazuri au mabaya, kisha nichukue nyingine kwenye sevisi itakayofuata nilinganishe.