Gramu ngapi kwa tani? Niulize na upana

Hapa Busia, upande wa Uganda tunakotafuta dhahabu, swali ni lilelile, liwe kwa Kiswahili, Kisamia au Kiteso: "Mmepata gramu ngapi?" Yaani gramu za dhahabu kwa kila tani ya mwamba. Wa bodaboda ananiuliza, muuza chapati ananiuliza, na mjomba wangu hupiga simu kutoka Tororo kwa ajili hiyo tu. Nikimjibu, "Mjomba, gramu ngapi kwenye upana gani wa mwamba?" anacheka. "Nyinyi wasomi mnaficha, mama."

Sifichi. Kazi yangu ni kusoma choronge, yale mawe ya mviringo, marefu kama mishumaa, yanayotolewa chini ya ardhi na mtambo wa kutoboa mwamba. Nayapanga sandukuni kwa mfuatano wa kina, nayalowesha maji rangi ionekane, kisha naandika: aina ya mwamba, nyufa zimelala vipi, kwatzi (lile jiwe gumu jeupe) inaanzia wapi na kuishia wapi. Sehemu kubwa ya siku sioni dhahabu hata chembe, na hilo halinisumbui.

Watu wengi hapa wakisikia "miamba ya volkano" hunyoosha kidole kuelekea Mlima Elgon. Siyo huo. Elgon ni mtoto, wa miaka milioni ishirini na kitu. Lava tunayoitoboa sisi ilimwagika chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na mahali pengine bado unaona ilivyoganda majini kwa mafungu ya duara yaliyolaliana. Baadaye ilizikwa, ikapashwa moto na kukandamizwa, hadi basalti, yaani lava hiyo nyeusi iliyoganda, ikageuka kijani kwa madini ya kloraiti na epidoti. Mkanda huu wa miamba unavuka hadi Kakamega, Kenya, kule walikokimbilia watafuta dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na una ndugu zake kwenye migodi ya dhahabu ya Tanzania: Geita, Bulyanhulu, North Mara. Waliochora mpaka hawakuyauliza mawe.

Dhahabu yenyewe ilikuja nyuma ya lava. Maji ya moto yenye salfa yalipanda kwenye nyufa yakiwa yameibeba. Yalipokutana na mwamba wenye chuma kingi, salfa ilishikana na chuma ikawa pairiti, na dhahabu, ikiwa imepoteza mbebaji wake, ikabaki hapohapo. Ndiyo sababu nikiona mwamba wa chuma wenye mistari umekatwa na nyufa, naongeza umakini, hata kama hakuna kinachong'aa.

Tatizo ni kwamba juu ya haya yote kuna udongo mwekundu mzito. Kwa hiyo unaanza na ramani za usumaku wa miamba zilizopimwa kwa ndege (upimaji wa serikali wa miaka ya 2000 ulifunika karibu asilimia 80 ya nchi, Karamoja ikaachwa kwanza), halafu unachukua udongo kwa mistari na kupima dhahabu pamoja na arseni (ile elementi yenye sumu), kwa kuwa katika miamba ya aina hii hizo mbili hupenda kufuatana. Jiwe lenye madini ya arseni ukiligonga kwa nyundo hunuka kitunguu saumu. Lakini ramani iliyonifaa zaidi ni mashimo ya wachimbaji wadogo wa upande wa Tiira. Wamefuata mshipa, yaani ufa uliojaa kwatzi na dhahabu, kwa tindo na karai, na wanajua unakolalia kuliko mtu yeyote mwenye kompyuta. Zebaki wanayonasia dhahabu naiogopa, hasa wanapoichoma karibu na watoto. Elimu yao ya miamba naiheshimu.

Sasa turudi kwenye gramu. Tuseme mtambo umetoboa mashimo mawili. La kwanza linatoa gramu 20 kwa tani kwenye sentimita 30 za choronge. La pili linatoa gramu 2 kwenye mita 15. Mtaani watashangilia la kwanza. Zidisha: 20 mara 0.3 ni 6. 2 mara 15 ni 30. La pili lina dhahabu mara tano zaidi. Tena uliza shimo lilikutana na mshipa kwa pembe gani. Likiupiga kwa nyuzi 30, mita 10 za choronge ni mita 5 tu za upana halisi.

Halafu kuna dhahabu ya punje kubwa. Choronge tunaipasua kwa msumeno: nusu inakwenda maabara, nusu inabaki sandukuni. Nusu moja ikibeba punje na nyingine ikikosa, utapata majibu mawili kutoka jiwe moja. Maabara nayo husaga nusu yake na kuyeyusha gramu 30 au 50 tu za unga huo. Kwa hiyo katikati ya sampuli tunachomeka jiwe lisilo na dhahabu na unga ambao kiwango chake tunakijua, bila kuiambia maabara ni lipi. Jiwe tupu likirudi na dhahabu, kuna uchafu au kosa mahali, na kundi zima la sampuli linapimwa upya, hata mkubwa akinuna.

Na mashimo makavu, yasiyo na dhahabu, nayapenda kuliko watu wanavyodhani. Dhahabu ya mshipa haikai sawasawa. Hujikusanya kwenye vipande vinavyoshuka kwa mshazari. Shimo lenye dhahabu haliniambii kipande kinaelekea wapi. Likiwa na makavu pande zake, naanza kuuona ukingo. Shimo linalofuata nimependekeza liingie chini zaidi, upande wa mashariki.