Nilivyohamisha video za Iron Maiden kutoka kwenye kanda na DVD, hapa Mbeya

Ukitaka kujua kama nakala yako ya video ya Iron Maiden, ile bendi ya metali ya Uingereza, ni nzuri, usimtazame mwimbaji Bruce Dickinson usoni wala lile zimwi lao Eddie. Tazama mkono wa kulia wa Steve Harris. Anapiga besi kwa vidole viwili, na ule mwendo wa farasi anayekimbia kwenye wimbo wa The Trooper unatoka pale. Kwenye nakala nzuri unaviona vidole vikipishana juu ya nyuzi. Kwenye nakala mbovu, zile klipu zilizobanwa mpaka zikabaki MB chache na kuzungushwa kwa simu, mkono unageuka doa linalotetemeka, na matoazi ya Nicko McBrain yanasikika kama mafuta ya chipsi yanayochemka. Nilipohamisha kanda na DVD zangu za bendi hii kwenda kwenye diski moja, mkono ule ndio uliokuwa kipimo changu, na hatua zote ninazoeleza hapa nilizichagua kwa ajili yake.

Kwanza ujue unakusanya nini, maana mambo yaleyale yametolewa zaidi ya mara moja kwa sura tofauti, na kuhamisha kanda ni kazi. Live at the Rainbow, ile ya nusu saa iliyopigwa London Desemba 1980 Paul Di'Anno akiwa bado anaimba, imo ndani ya DVD ya The Early Days ya 2004, pamoja na maonyesho ya Hammersmith 1982 na Dortmund 1983. Zile video nne za kanda ya Video Pieces ya 1983 zimo kwenye Visions of the Beast ya 2003, ambayo ni diski mbili zenye video za nyimbo tangu Women in Uniform ya 1980. Live After Death, iliyopigwa Long Beach, California, Machi 1985, ilitoka upya kwa DVD mwaka 2008. Maiden England, iliyopigwa Birmingham Novemba 1988 na kuhaririwa na Harris mwenyewe, ilirudi mwaka 2013 ikiwa imeongezewa nyimbo tatu za mwisho ambazo kanda ya 1989 haikuwa nazo: Run to the Hills, Running Free na Sanctuary. Kwa hizo, ukipata DVD halisi, achana na kanda. Jasho lako liweke kwenye kile ulichonacho kwa kanda tu. Kwangu mimi ilikuwa Donington Live 1992, ambapo mpiga gitaa Adrian Smith, aliyekuwa ameshaondoka kwenye bendi, anapanda jukwaani kupiga Running Free. Pamoja nayo nilikuwa na nakala kadhaa zilizorekodiwa nyumbani na watu.

Huku kwetu adui wa kanda ni unyevu. Kanda zilizokaa Tukuyu au Rungwe kwa miaka, ukizimulika na tochi kupitia kidirisha chake, utaona unga mweupe pembeni mwa utepe. Huo ni ukungu. Kanda ya namna hiyo usiiingize kwenye deki yako nzuri hata kwa dakika moja, kwa sababu unga unahamia kwenye vichwa vya kusomea na kutoka hapo unakwenda kwenye kila kanda itakayofuata. Niliziweka zenye ukungu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme, mpaka unga ukakauka. Kisha nilizizungusha mbele na nyuma ndani ya deki mbovu niliyoitenga kwa kazi hiyo, nikiwa nimefunga barakoa, dirisha wazi. Kuzianika juani ni kuziua: plastiki inajikunja na utepe unapinda, na utepe uliopinda haunyooki tena. Mchele nao hausaidii, unaacha vumbi.

Jambo la pili ni tofauti ya joto. Kanda au deki iliyolala kwenye baridi ya Mbeya mwezi wa saba, ukiishusha Kyela siku hiyohiyo, inatoka jasho ndani. Utepe wenye unyevu unanata kwenye ile ngoma inayozunguka kwa kasi, unavutwa, unakatika. Iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa saa tatu au nne mpaka ilingane na joto la chumba, ndipo uifungue.

Kusafisha vichwa ni kazi ya kutulia. Zima deki, chomoa waya, fungua kifuniko cha juu. Chukua kipande cha ngozi laini ya kufutia miwani, kiloweshe kwa aisopropili (aina ya alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 99. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa ina maji mengi mno. Shika ngozi ikigusa ubavu wa ngoma bila kukandamiza, usiisogeze, halafu zungusha ngoma yenyewe polepole kwa kidole cha mkono mwingine. Usifute kutoka juu kwenda chini, na usitumie pamba za masikioni: nyuzi zake zinakamata ncha ya kichwa, ambayo ni nyembamba mno, na ikivunjika deki ndiyo imekwisha. Futa pia ile rola ya mpira inayovuta utepe na kile kichwa cha sauti kilichosimama pembeni yake. Subiri robo saa kabla ya kuwasha.

Kabla ya kunasa, peleka kanda mpaka mwisho kisha irudishe mwanzo, ili utepe ujikaze sawasawa. Kama picha ina mistari ya theluji, rekebisha trakingi (jinsi vichwa vinavyofuata mistari ya utepe) kwa mkono na usiiachie deki ifanye yenyewe. Hapa sikiliza zaidi ya kutazama. Kanda za VHS za stereo zina sauti aina mbili: ile ya Hi-Fi, inayosomwa na vichwa vinavyozunguka, na ile ya kawaida inayopita ukingoni mwa utepe, ambayo imefifia. Trakingi ikikosea kidogo, deki inaruka kutoka Hi-Fi kwenda kwenye ile ya ukingoni na kurudi, na utasikia besi ikipotea ghafla katikati ya wimbo. Mimi hurekebisha mpaka sauti itulie. Mara nyingi picha nayo inakuwa imetulia.

Kutoka kwenye deki, waya wa njano, mweupe na mwekundu niliupitisha kwanza kwenye deki ya kurekodia DVD iliyoachwa kwenye hali ya kupitisha tu, ndipo ukaingia kwenye kifaa cha USB cha kunasia video. Hilo daraja la katikati linanyoosha picha. Bila hilo, sehemu ya juu ya fremu inapinda kama bendera, na kifaa cha bei rahisi kinakata au kurudia fremu pale kanda inapoyumba, mwishowe mdomo wa Dickinson unaachana na sauti yake.

Programu ninayotumia ni VirtualDub2, na kanda zetu za PAL, mfumo wa picha unaotumika huku kwetu, nazinasa kwa ukubwa wa 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, kwa HuffYUV, kodeki (njia ya kubana video) isiyopunguza ubora, sauti kHz 48. Inakula kama GB 30 kwa saa, hivyo andaa nafasi. OBS ni programu nzuri kwa mambo mengine, ila isipobadilishwa inaitanua picha hadi saizi ya televisheni za kisasa na kuchanganya mistari ya picha kabla hujaihifadhi, na hapo hakuna kurudi nyuma. Sauti iweke ili kilele kisipite dB -6, na ipime kwenye nyimbo za mwisho wa onyesho, kwa sababu mwanzo wa kanda huwa umetulia kuliko mwisho.

Diski ya nje iwe imeumbizwa kwa NTFS au exFAT. Ikiwa FAT32, kurekodi kunakoma faili likifika GB 4, yaani nyimbo mbili tu. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, mbali na tundu la kifaa cha kunasia. Umeme nao una lake: laptopu itabaki hai kwa betri, lakini deki itazima utepe ukiwa umezungushiwa ngoma, na umeme ukirudi kwa mshtuko ndipo utepe unapokwaruzwa. Deki inatumia umeme mdogo, kwa hiyo UPS ndogo ya VA 650 inatosha kukupa muda wa kubonyeza kusimamisha na kutoa kanda kwa utaratibu. Ukikuta deki imezima kanda ikiwa ndani, usiivute kwa nguvu.

Sasa tuje kwenye ule mkono. Video ya PAL huwa na fremu 25 kwa sekunde, lakini iliyopigwa kwa kamera za video ina nusu-picha mbili katika kila fremu, moja ya mistari ya shufwa na moja ya witiri, zilizopigwa kwa nyakati mbili tofauti. Maana yake mwendo unaonekana mara 50 kwa sekunde. Programu nyingi zikiunganisha nusu hizo zinatupa moja, unabaki na 25, na vidole vya Harris vinaanza kuruka badala ya kutembea. Simamisha picha pale mkono unapokwenda kasi. Ukiona meno kama ya kitana ukingoni mwa mkono, hiyo ni video ya nusu-picha: kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, chagua kichujio cha Bwdif, mpangilio wa Bob, na hakikisha faili linalotoka lina fremu 50. Usipoona meno, ilipigwa kwa filamu. Kichujio kizime kabisa, kitalainisha picha bure. Ubora niliweka RF 18 (namba ikishuka, ubora unapanda).

Umbo libaki 4:3, yaani 768 kwa 576 kwenye kioo. Kuitanua ijaze televisheni pana kunamnenepesha kila mtu jukwaani. Ile mistari michafu ya chini kabisa ifunike kwa weusi, usiikate na kuvuta picha.

DVD ni rahisi zaidi. Programu ya MakeMKV inatoa kila onyesho kwenye diski bila kuligusa, pamoja na sauti ya 5.1 (ya spika sita) palipo nayo. DVD hufungwa kwa kanda za dunia: Tanzania tuko ukanda wa 5 na diski za Uingereza ni ukanda wa 2. Za muziki nyingi hazina kizuizi, lakini angalia alama ya nyuma kabla ya kulipa. Diski za Marekani ni za NTSC, mfumo wa picha wa kwao, 720 kwa 480. Ziache zilivyo, usizigeuze PAL.

Kwa kutazama, tatizo kubwa huku ni sabufa. Besi ya Harris, Fender Precision yenye nyuzi bapa za Rotosound, inagonga kwa juu. Ukali wake ndio unaokufanya usikie kila kidole. Sabufa iliyofunguliwa mpaka mwisho, kama zinavyopigwa Mwanjelwa, inaufunika wote kwa mvumo. Punguza besi chini ya nusu, panua treble, spika ziwe usawa wa masikio. Chumba cha bati bila dari kinarudisha sauti vibaya. Mapazia mazito mawili yanabadilisha sana.

Nakala hizi ni za kutazama nyumbani. Anayetaka kuonyesha kwenye kibanda umiza kwa kiingilio aende kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na kwa mgeni wa bendi hii, mimi huanza na Rock in Rio, onyesho la Januari 2001, magitaa matatu, Smith akiwa amerudi, halafu ndipo Long Beach. Video za nyimbo nazichanganya katikati: Can I Play with Madness, yenye Graham Chapman wa Monty Python akiwa mwalimu mkali, inampumzisha mtu vizuri kabla ya Donington.