Saa tisa usiku, nasikiliza mchanga

Nimeamka tena saa tisa. Hakuna kilichoniamsha. Chokaa mwenyewe, paka wangu, hayupo nyumbani, amelazwa kwa daktari tangu juzi, lakini mwili umeshazoea: ikifika saa hiyo macho wazi, masikio yameelekea bafuni, nasubiri kusikia mchanga wa beseni lake la choo ukiparuliwa. Ukiparuliwa mara moja, kimya kirefu, kisha ukafukiwa, nalala. Ukiparuliwa, kimya, ukaparuliwa tena, kimya, ukaparuliwa tena, nawasha taa na kutafuta kikapu chake cha kubebea.

Aliyewahi kufuga paka jike tu huenda asinielewe. Jike huziba mkojo kwa nadra. Dume ndiye aliyepewa mrija wa mkojo mrefu na mwembamba, unaozidi kubana kadiri unavyokaribia mwisho. Kizibo kidogo cha ute uliochanganyika na fuwele kinatosha kuufunga. Mkojo ukikosa pa kutokea unaelemea figo, potasiamu inapanda kwenye damu, na potasiamu ikipanda sana moyo unaanza kupoteza mapigo yake. Siku mbili, pengine tatu, paka amekwisha.

Mara ya kwanza sikuyajua haya. Nilimwona amechuchumaa kwenye beseni lake anakamua, nikasema choo kimemfunga. Kutwa nzima nikahangaika na choo! Alikuwa anajilamba chini ya mkia bila kupumzika, nami nikaona ni usafi wake tu. Jioni akatapika, akajificha nyuma ya kabati, na nilipomvuta akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, nzito, ya kooni. Daktari alimgusa tumbo mara moja, kisha akaushika mkono wangu akaupeleka palepale. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu cha mviringo, kigumu, kama chungwa bichi.

"Hiki ni kibofu," akasema. "Huyu hajakojoa leo."

Nikambishia. Nilikuwa nimeona matone sakafuni, mawili matatu, yana rangi ya waridi.

"Matone si mkojo, Mama Chokaa."

Pale kliniki sote tunaitwa kwa majina ya wanyama wetu. Kuna Baba Simba, mzee mmoja mpole mwenye kimbwa kidogo kinachotetemeka. Siku hiyo jina hilo halikunichekesha. Nililisikia kama mama anayeulizwa alikuwa wapi mtoto wake akiungua.

Walimpa dawa ya usingizi, wakamwingiza mpira wa mkojo, wakamtundikia dripu. Moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno, wakamchoma kwanza dawa ya kuukinga, ndipo wakagusa kingine chochote. Kulipozibuka, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe figo zilizobanwa zikiachiliwa humwaga mkojo kama bomba lililopasuka, na dripu inabidi iukimbize huo mkojo, la sivyo paka anakaukiwa. Nilikuwa nakaa kwenye kiti mbele ya kizimba chake nikitazama mfuko ukijaa. Mwekundu, kisha wa waridi, kisha wa manjano. Sikujua kwamba siku moja nitafurahia rangi ya mkojo kiasi kile.

Siku 9 baada ya mpira kutolewa, akaziba tena. Daktari alikuwa ameshanionya kwamba wiki za mwanzo ndizo mbaya, kwa sababu mrija wenyewe umechubuka, umevimba, unakakamaa. Lakini onyo la mdomo na paka aliyejikunja kwenye beseni la kufulia usiku ni vitu viwili. Safari hiyo nilimdai daktari antibayotiki kama mtu anayedai deni lake. Akakataa. Mkojo umepimwa, hauna bakteria, akasema. Mawe pia hamna, eksrei imeonyesha. Zilizopo ni fuwele za struvaiti, aina ya madini yanayoganda kwenye mkojo, na kibofu kinachovimba chenyewe bila ya mdudu yeyote. Paka wengi wa umri wake, waliohasiwa, wanene kidogo, wanaoshinda ndani, wako hivyohivyo. Msongo wa mawazo unakichochea.

Mdogo wangu nilipomweleza habari za fuwele alicheka hadi akaketi. "Umemwita Chokaa, dada, ulitegemea nini?" Nikamjibu kwamba chokaa ni kalisiamu, na za huyu si za kalisiamu. Na ni bahati, kwa kuwa struvaiti huweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu, ilhali zile za kalisiamu okzaleti haziyeyuki kwa chakula chochote. Angalia mambo ninayoyajua siku hizi.

Msongo ulinisumbua kichwa zaidi kuliko fuwele. Paka huyu ana msongo gani? Halipi kodi, hana bosi. Nikaanza kumchunguza, na siku ya tatu nikamwona: paka wa nje, wa kijivu, anakuja alfajiri kukaa upande wa pili wa dirisha la sebuleni, wanatazamana. Chokaa hasogei, hapigi kelele, ila ncha ya mkia inacheza. Nikabandika karatasi sehemu yote ya chini ya dirisha. Sebule ikawa na giza na wageni wakawa wanauliza. Nikaongeza beseni la pili, mbali na la kwanza, kwa kuwa hesabu wanayoshauri ni idadi ya paka jumlisha moja. Chakula kikavu nikakiacha, nikawa nampa cha majimaji na kukiongezea maji. Vibakuli vya maji vikawekwa kila pembe, tukawa tunavikanyaga gizani.

Na nikafungua daftari. Asubuhi kibonge kimoja kikubwa cha mchanga ulioganda kwa mkojo, jioni viwili. Ukubwa wa ngumi ya mtoto ni vizuri. Vidogo vingi, vya ukubwa wa karanga, ni hatari. Mume wangu alinikuta siku moja nimepiga magoti bafuni nalinganisha vibonge kwa tochi, akasimama mlangoni, akaondoka bila kusema neno. Namshukuru kwa hilo.

Tulipata miezi 5 hivyo. Juzi, saa tisa, mchanga ukaparuliwa mara nne.

Sasa daktari ameniweka chini. Njia ni tatu, akasema, na hakuna anayekulazimisha hata moja. Ya kwanza, tumzibue kama tulivyozoea, arudi nyumbani, tuombe. Ya pili, upasuaji: unakatwa uume pamoja na kile kipande chembamba cha mrija, kisha inashonewa nafasi pana zaidi, karibu kama ya jike. Kuziba kunapungua sana. Ila hapo ndipo alipokazia sauti: upasuaji hauponyi kibofu. Kitaendelea kuvimba kikitaka, atakojoa damu siku nyingine, atachuchumaa, na mkojo wake utashikwa na maambukizi kwa urahisi kuliko zamani. Kovu nalo linaweza kubana njia mpya. Ya tatu ni sindano ya mwisho. Aliitaja kwa sauti ileile ya zile mbili, bila kuinamisha macho, nami nilimheshimu.

Mume wangu aliposikia ya pili akakunja uso kama aliyekanyaga msumari. "Sasa atabaki dume gani?" Nikamkumbusha kwamba Chokaa alihasiwa miaka 3 iliyopita na hajawahi kulalamika.

Watu wamenishauri, nimechoka kushauriwa. Wapo wanaosema ni paka tu. Hao nimewazoea. Wanaoniumiza ni wale wanaosema kama unampenda kweli utafanya lolote, kana kwamba aliyechagua sindano hakupenda. Nimemshika Chokaa akiwa amezibwa. Nimeusikia mwili ule unavyojikaza. Mtu asiye na uwezo wa kumtibu, akampeleka akachomwa akalala, amemtendea wema. Kibaya ni kumwacha nyumbani uone kutakuchaje, na nusu ya wale wanaosema ni paka tu ndicho wangefanya.

Linaloniamsha mimi ni jingine, na sijamwambia mtu. Nimechagua upasuaji. Nilichagua upesi, kabla daktari hajamaliza sentensi. Nikijiuliza usiku huu nilikuwa namfikiria nani, jibu halijanyooka. Maumivu hayo ni yake, kidonda ni chake, kola shingoni ni yake. Usingizi ni wangu. Nilipomwambia daktari "tufanye", nilichokiona kichwani hakikuwa Chokaa akikimbia na kucheza. Nilijiona mimi nimelala hadi asubuhi.

Nikajaribu kuhesabu upya, nikimtoa mtu na usingizi wake. Ana miaka 4. Figo zimerudi sawa safari zote mbili, na jana jioni walinipigia kuniambia vipimo vya damu vinashuka tena, amekula, amemparua msaidizi. Baina ya kuziba na kuziba anaishi vizuri: anaruka kabatini, ananisubiri mlangoni, analala juu ya kichwa changu bila adabu. Angekuwa na miaka 15 na figo zimechoka, nadhani ningesema lile jingine. Kwa hiyo hesabu inaangukia palepale. Lakini kwamba inaangukia palepale ninapopataka mimi, hilo ndilo linalonitia shaka, na sijui kulipima.

Upasuaji ni kesho kutwa asubuhi. Daktari amesema akirudi asiguse mchanga kwa muda, utaingia kwenye kidonda. Niweke karatasi zilizochanwa. Kwa kuwa usingizi umeshakimbia, nimechukua rundo la magazeti ya zamani, nimekaa sakafuni bafuni, nachana vipande virefu vyembamba. Nimejaribu kukwangua kwa kucha beseni la kwanza lilipojaa, nisikie karatasi zinaliaje. Hazilii kama mchanga. Itanibidi nijifunze upya.