Kuvuka Kwenda Namagondo

Ukitaka kumwelewa mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi, panda meli ya Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria. Nilipokuwa kidato cha sita tulifundishwa kwamba mtunzi huyu aliathiriwa na wanafalsafa wa Ulaya, kwamba Kichwamaji ni riwaya ya udhanaishi, yaani falsafa inayohoji maana ya maisha ya binadamu, na kwenye mtihani niliyaandika hayo nikapata maksi. Si uongo. Ila hakuna aliyetueleza habari za kisiwa. Kwa hiyo likizo ilipofika nilitia riwaya zake kwenye begi, nikaenda Mwanza, nikakata tiketi.

Meli ilijaa kuliko nilivyotarajia. Magodoro, kreti za soda, mabati, vifaranga ndani ya maboksi yaliyotobolewa matundu: karibu kila kitu kisicholimwa wala kuvuliwa Ukerewe huvuka ziwa kwa namna hii. Tuliliacha Jiwe la Bismarck nyuma yetu, milima ya mawe ya Mwanza ikapungua kimo, maji yakatanda pande zote. Safari ni ya kama saa tatu. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa ametoka kumpeleka binti yake shule ya bweni mjini. Njia nzima alikuwa akimpigia mwalimu simu, na mtandao ulipokatika alinigeukia akasema, "Mtoto akishavuka maji, baba yangu, humwoni tena anachofanya."

Nilishtuka, maana ndicho kisa cha Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi. Rosa ni binti wa Zakaria wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Baba yake ni mlevi, na humlinda binti kwa fimbo; barua moja tu ya mvulana inamletea kipigo cha kutisha. Kisha Rosa anavuka kwenda kusoma Mwanza. Jicho la baba haliko tena, na yeye hakuwahi kufundishwa kujilinda mwenyewe. Wasomaji wengi wa bara huisoma kama hadithi ya msichana aliyeharibikiwa mjini. Pale melini niliona kwamba mji haukuwa na kosa kubwa. Tatizo lilianzia kwenye ua wa Zakaria, na maji yalilifichua tu.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo tarehe 13 Aprili 1944. Alisoma kwa wamisionari, akaingia Seminari ya Nyegezi, nje kidogo ya Mwanza, na akatoka huko mwaka 1966. Mwaka uliofuata akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rosa Mistika ilipochapishwa mwaka 1971 alikuwa na miaka 27. Kijana wa seminari aliandika waziwazi juu ya walimu wanaowaharibu wanafunzi, utoaji mimba na unafiki wa wakubwa, na kitabu kikapigwa marufuku shuleni. Baadaye sana ndipo kiliporudi madarasani kama kitabu cha kiada. Nadhani kilichowaudhi wakubwa zaidi ni mwisho wake. Rosa anajiua, kisha msomaji anapelekwa mbinguni, mbele ya Mungu, na pale binti anamshtaki baba yake. Jaribu kuwaza sentensi hizo zikisomwa mahali ambapo kengele ya kanisa ndiyo saa ya kijiji.

Kutoka Nansio nilichukua bodaboda. Nilichokiona kwanza ni jinsi watu walivyosongamana. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, lakini ardhi haiwatoshi wenyewe. Nyumba inaanza palipoishia nyumba, muhogo unapandwa mpaka ukingoni mwa barabara, na makopa huanikwa juu ya majabali mbele ya macho ya kila apitaye. Hakuna pori la kujificha. Mtu akigombana na mkewe usiku, asubuhi kijiji kizima kinajua maneno yaliyotumika. Riwaya zake zina watu wanaochungulia, wanaosikiliza ukutani, wanaopeleka habari, na zamani niliona hizo ni mbinu tu za msanii.

Namagondo nilimkuta mzee mmoja akishona nyavu chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitika, akauliza kama mimi ni mwalimu.

"Hapana mzee, msomaji tu. Nimekuja kuona alikozaliwa Profesa Kezilahabi."

"Basi ndiyo hapa," akasema. "Kile cha Rosa tulikisoma kwa kificho. Watu walitafuta Zakaria ni nani."

"Walimpata?"

"Wangempata wapi? Akina Zakaria walikuwa wengi. Tunao hata leo."

Nilikaa naye mpaka jua likageuka. Alizungumza zaidi kuhusu bei ya nyuzi na uhaba wa sato kuliko kuhusu vitabu, nami sikuona vibaya.

Kesho yake nilikwenda Kagunguli, kwa heshima ya mtu mwingine. Kisiwa hiki kilikuwa kimeshatoa mwandishi mkubwa kabla ya Kezilahabi: Aniceti Kitereza, aliyeandika habari za mume na mke, Myombekere na Bugonoka, kwa Kikerewe mnamo mwaka 1945, akangoja miaka mingi, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na akafariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi. Kila nikilifikiria hilo naumia. Kitereza aliandika kisiwa ambacho mume anavumilia, ndugu wanapatanishwa, dawa inapatikana, na mtoto anazaliwa. Kezilahabi akaja baada yake akaandika watu ambao hakuna wa kuwapatanisha. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anarudi nyumbani kutoka chuo kikuu na hawezi tena kukaa na watu wake. Elimu imempa maswali, haikumpa mtu wa kuulizana naye. Anaishia kujiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anatoka Ukerewe, anatajirika bara, na mali yake inapoguswa na siasa ya Ujamaa anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Vijana hawa wote wamevuka maji, na hakuna hata mmoja aliyepata pa kutua upande wa pili.

Nilifika pia Bugolora, ambako watu hupanda kivuko kwenda kisiwa cha Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa, wengine wakionekana kutoka nchi kavu. Pale Bugolora sikumwuliza mtu swali lolote. Kwa watu hawa kifo kimefika hadi gatini, mchana, na jamaa wakitazama. Mtunzi aliyezaliwa kati ya watu wa ziwa hakuhitaji kitabu cha Ufaransa kumwambia kwamba maisha hayana dhamana.

Usiku, Nansio, nilisoma tena riwaya ya Nagona (1990). Wakati huo Kezilahabi alikuwa amekwisha pata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison (1985), kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na namna ya kufasiri fasihi. Baadaye alikwenda kufundisha Botswana, na tarehe 9 Januari 2020 akafariki Dar es Salaam. Katika Nagona kisiwa kimefutika. Hakuna Namagondo, hakuna Mwanza, kuna msafiri anayepita nchi iliyokufa akitafuta ukweli. Wahakiki wengi huiona kuwa ndiyo kilele chake. Naiheshimu, lakini moyo wangu uko kwa zile za kwanza, zenye jasho na harufu ya pombe. Hata hivyo nilipofungua Mzingile (1991) nikamkuta mzee Kakulu, na jina hilo ni la huku huku. Alikwenda mbali mno kimawazo, na alipohitaji mzee wa kuulizwa juu ya asili ya mambo, alimtafuta kwao.

Siku ya kuondoka nilirudi Namagondo kumuaga mzee wa nyavu. Nilimwonyesha Gamba la Nyoka (1979), riwaya ya wanakijiji wanaolazimishwa kuhamia vijiji vya ujamaa. Hakuwahi hata kuisikia. Miaka ya Operesheni Vijiji alikuwa kijana mwenye nguvu, na anakumbuka nani alisema nini mkutanoni. Nikamwachia nakala yangu, mjukuu wake atamsomea. Amechukua namba yangu ya simu, na ameahidi kuniambia ni wapi mwandishi alipatia na ni wapi alitia chumvi.