Kama Ningeipitisha Zamu Yangu

Sataranji nilifundishwa na Ami barazani kwake Kibokoni, si mbali na Fort Jesus. Wenziwe walikuwa watu wa dhumna, na vishindo vya meza yao havikumshughulisha hata kidogo. Kusogeza kete nilishajua. Jioni ninayoikumbuka alitaka jambo jingine: nisiguse kitu mpaka nimwambie yeye anataka kufanya nini.

Nilicheza weusi. Tulifungua kwa askari wa e4 na e5 (herufi hutaja mstari wa wima wa ubao, namba hutaja safu), farasi wakatoka, askofu wake akakaa c4, nami nikatoa farasi wa pili f6. Papo hapo farasi wake akarukia g5.

"Tuseme zamu yako umenipa mimi," akasema. "Nacheza tena. Nacheza nini?"

Nikatazama f7. Mwanzoni mwa mchezo askari wa hapo hulindwa na mfalme peke yake, na sasa farasi na askofu walimlenga pamoja. Farasi akimla, anamshika malkia na ngome kwa mara moja, wala mfalme hawezi kumgusa kwa sababu askofu anamlinda. Nikamweleza hivyo, kisha nikamsukuma askari wangu hadi d5 kuziba njia ya askofu.

Ami hakunisifu. Alimimina kahawa tungu, akasema adui huyo amebisha hodi mwenyewe, yeyote angemsikia. Akanisimulia habari za Tigran Petrosian, bingwa wa dunia tangu 1963 hadi 1969, aliyesifika kwa kuzima hila za mpinzani kabla hazijaanza. Mabingwa wa kushambulia Ami aliwaheshimu, lakini huyu alimpenda, na mapenzi hayo yaliniambukiza.

Tukaendelea. Malkia walibadilishana, kila mmoja akabaki na ngome moja. Yangu ilikuwa imekula askari a2 na ilimtazama mwenziwe wa c2. Mfalme wangu alikuwa g8, mbele yake askari watatu ambao hawajawahi kusogea. Ami akamtoa askofu wake e3, akamweka d4. Taratibu, bila neno.

"Haya, nambie."

"Askofu anamlenga askari wa g7."

"Naye analindwa na mfalme. Jengine?"

Yule wa c2 alikuwa wa bure kabisa, na mkono ulikuwa ukiniwasha. Nikaukalia. Nilipoacha kumwangalia askofu alikofika, nikarudi e3, pale alipotoka. Patupu. Nyuma ya nafasi hiyo, e1, ilisimama ngome yake, na mstari wote wa e sasa ulikuwa wazi mpaka kwangu.

"Ngome yako yashuka e8," nikasema, "na mfalme wangu hana pa kutokea. Askari wangu wenyewe wamemfungia, na sina kete ya kuwahi kumkinga."

"Eeh!" Ami akapiga goti kwa kiganja. Mmoja wa watu wa dhumna akageuka kutazama kulikoni.

Nikasogeza askari wa h7 hadi h6, mfalme apate mlango. Furaha ilinijaa kuliko ya kula kete yoyote.

"Na wewe, Ami, tuseme zamu yako umenipa mimi?"

Akacheka, akaitazama ngome yangu, halafu akamsogeza yule askari wa c2 hadi c3, chini ya ulinzi wa askofu.