Tanuri langu la pili

Tanuri la kwanza liliniliza. Tofali 4,000 nilifyatua mwenyewe hapa Ifakara, na siku ya kufumua karibu nusu zilikuwa zimepasuka. Nikaulaumu udongo wangu wa kichuguu, kumbe huo ni mzuri sana kwa tofali.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyechoma tofali tangu ujana, alikuja akaokota moja, akaivunja kwa nyundo. Nje nyekundu, katikati nyeusi kama mkaa. "Moto umeukimbiza, mwanangu. Na hizi zilizopasuka uliziingiza na maji yake."

Kiangazi kilichofuata nikaanza upya. Nilifunika tofali mbichi kwa nyasi ili jua lisizipige ghafla, nikawa nazigeuza ubavu huu na huu kwa wiki tatu. Mzee alinifundisha kipimo kimoja ambacho sikiachi tena: vunja moja, tazama kati. Kukiwa na kiini cheusi kuliko kingo, unyevu bado upo, subiri.

Kuni sikununua. Bonde la Kilombero ni la mpunga, na nyuma ya mashine za kukoboa pumba zimelundikana kama vilima. Mimi nililipia guta la kuzibeba tu. Pumba haziwaki kwa fujo, zinafukuta, na huko kufukuta ndiko tanuri langu la kwanza lilikokosa. Nikazishindilia kwenye midomo ya tanuri, yale matundu ya kutilia moto, nikazimwaga kati ya safu za tofali, nje nikakandika tope.

Tukawasha jioni. Siku mbili za kwanza ulitoka moshi mweupe mzito. Ukiweka kiganja juu yake kinalowa. Yale ndiyo maji ya tofali yanayotoka. Nilishika mti nichochee, mzee akanishika mkono. Moshi ulipokuwa mwepesi, wa samawati, ndipo akaniruhusu kuongeza pumba midomoni. Usiku ule nilichungulia kwenye ufa nikaona tofali za ndani zimeiva rangi ya chungwa, zinang'aa zenyewe. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Moto ulipokwisha nikaliacha siku kumi bila kuligusa, maana upepo wa baridi ukiingia mapema tofali zinapasuka.

Nilipofumua, nilichukua mbili nikazigonganisha. Zikalia kama kengele! Mzee akatabasamu tu, akaendelea kuzipanga. Zilizoharibika hazikufika mia mbili. Zile za pembeni ambazo hazikuiva nimezitenga chini ya mwembe. Zitaingia tanuri lijalo, katikati kabisa.